Kinachomwozesha Samaki Chaweza Kuhifadhi Chakula

Ndugu mkulima, ikiwa una bwawa la samaki shambani mwako, au ikiwa wakaa karibu na ziwa na kununua samaki ili uwauze, bila shaka umeliona jambo hili. Samaki ametolewa majini alfajiri akiwa mzuri, macho yake maangavu na nyama yake ngumu. Ifikapo saa sita mchana tumbo limelegea. Jioni ukimbonyeza kwa kidole, shimo hubaki. Mnunuzi aliyekuwa tayari kulipa bei kamili asubuhi sasa ataka kulipa nusu, au hamtaki kabisa. Kazi ya miezi mingi ya kuchimba, kujaza maji na kulisha imepotea kwa saa chache tu.

Katika somo la mwezi huu tutajifunza ni kitu gani kifanyacho uharibifu huo ndani ya mwili wa samaki. Tutaona kwamba nguvu ile ile inayomwozesha samaki, ikitawaliwa vizuri, yaweza kugeuza matumbo na vichwa kuwa chakula cha mifugo kisichooza upesi. Tena, viwandani nguvu hiyo hutengeneza kitu ambacho chaweza kulinda vyakula vingine visiharibike. Mwisho tutatenga kazi iwezekanayo nyumbani na kazi iliyo ya kiwandani, ili asije mtu akakuuzia chupa ya maji yanayonuka samaki na kukuambia kwamba ni dawa ya kuhifadhi nyama.

MABWAWA YETU

Ufugaji wa samaki si jambo geni katika Kenya. Majaribio ya kufuga tilapia yalianza katika miaka ya 1920, na kituo cha samaki cha Sagana kilianzishwa mwaka wa 1948. Kazi hii ilienea sana kuanzia mwaka wa 2009, Serikali ilipowasaidia wakulima kuchimba mabwawa 200 katika kila moja la majimbo 140 ya uchaguzi. Kwa hiyo samaki sasa huvuliwa hata mahali palipo mbali na ziwa na bahari, katika mashamba ya ekari chache ambako zamani palikuwa na mahindi na ng'ombe tu.

Lakini mkulima mwenye bwawa ana shida moja ambayo mwenye mahindi hana. Gunia la mahindi makavu laweza kungoja bei nzuri. Samaki hangoji. Ndiyo maana yafaa uelewe vizuri anavyoharibika.

MAADUI WATATU WA SAMAKI

Adui wa kwanza yumo ndani ya samaki mwenyewe. Katika tumbo na matumbo ya kila samaki mna vitu viitwavyo vimeng'enya. Kazi yake ni kukata chakula alichokula samaki kiwe vipande vidogo vya kuingia katika damu. Samaki akiwa hai, mwili wake huvitawala vimeng'enya hivi visiudhuru. Akifa, hakuna tena wa kuvitawala. Huanza kumkata samaki mwenyewe, kwanza ukuta wa tumbo, halafu nyama iliyo karibu. Ndiyo sababu tumbo hutangulia kulegea, na zaidi kama samaki alikuwa ameshiba alipovuliwa.

Adui wa pili ni vijidudu viitwavyo bakteria. Hivi hukaa juu ya ngozi, ndani ya matamvua na ndani ya matumbo. Samaki akiwa hai havipiti kuingia nyamani. Akifa huingia na kuzaana upesi sana kwa sababu ya joto na unyevu. Harufu mbaya ya samaki aliyeoza hutokana hasa na kazi ya vijidudu hivi.

Adui wa tatu ni hewa. Mafuta ya samaki ni laini, nayo huharibika upesi kuliko mafuta ya ng'ombe. Hewa ikiyapata, na zaidi pakiwa na jua au chembe za chuma na shaba, mafuta hubadilika rangi na kuwa ya manjano, na ladha yake huwa kali. Omena waliowekwa muda mrefu katika gunia lililo wazi hunuka hivyo, ijapokuwa ni wakavu na hawakuoza.

Wazee wetu waliwajua maadui hawa kwa kazi zao, ingawa hawakuwa na majina yao. Watu wa pwani hupasua samaki, wakamtia chumvi na kumwanika akawa ng'onda. Watu wa Ziwa Victoria humpasua tilapia na kumwanika juani akawa obambla, au humkausha kwa moshi. Chumvi na jua huondoa maji ambayo bila hayo vijidudu haviwezi kuishi. Moshi hukausha, na tena una vitu vyake vinavyozuia vijidudu na kuyalinda mafuta. Njia hizi ni nzuri hata leo.

PROTINI NI KAMA USHANGA

Sasa tuangalie kwa makini ile kazi ya kukata. Nyama ya samaki, kama nyama ya mnyama ye yote, ina kitu kijengacho mwili kiitwacho protini. Fikiri juu ya ushanga mrefu uliotungwa katika uzi. Kila punje ya ushanga ni asidi amino. Ziko aina 20 hivi za punje hizo, na kwa kuzipanga kwa namna mbalimbali mwili hutengeneza nyama, ngozi, damu na nywele.

Kimeng'enya ni kama mkasi mdogo. Hukata uzi kati ya punje na punje. Kila kinapokata hutumia chembe moja ya maji, na kwa hiyo wataalamu huiita kazi hii haidrolisisi, maana yake kupasua kwa maji. Ushanga mrefu ukikatwa hutoa vipande vifupi. Chenye punje mbili, tatu, au hata kadhaa za makumi huitwa peptaidi. Protini ya samaki iliyokatwa hivyo huitwa haidrolisati ya samaki. Usiogope jina hilo refu, katika somo hili tutasema "protini iliyokatwa."

Huenda umewahi kuiona kazi ya mkasi huu jikoni. Mama apikaye nyama ngumu huweza kuifunga katika majani ya mpapai, nayo ikalainika. Utomvu wa mpapai una kimeng'enya kikatacho protini. Katika viwanda vya mbali kimeng'enya hicho hicho cha papai hutumiwa kukata protini ya samaki. Nanasi nalo lina kimeng'enya cha namna hiyo.

Basi angalia jambo hili: samaki anapolegea katika kikapu chako, mikasi yake inakata ovyo, na wakati huo huo vijidudu vinakula vipande vinavyopatikana. Hapo ndipo hasara. Lakini mtu akivizuia vijidudu na kuiacha mikasi ifanye kazi, hapatokei uozo. Hupatikana maji mazito yenye protini nzuri. Hiyo ndiyo siri ya somo hili lote.

WATU WALIOIFAHAMU SIRI HII

Watu wa Vietnam na wa Thailand wamefanya hivyo tangu zamani. Huchukua samaki wadogo kama omena, wakawachanganya na chumvi nyingi, sehemu 3 za samaki kwa sehemu 1 ya chumvi. Huwafungia katika mapipa kwa muda wa miezi mingi, hata mwaka mzima. Chumvi huvizuia vijidudu viozeshavyo, na vimeng'enya vya samaki huendelea kukata polepole. Mwishoni hutoka maji ya rangi ya chai ambayo hutiwa katika wali na mboga. Huko Vietnam huitwa nuoc mam. Warumi wa kale nao walikuwa na mchuzi wa namna hii.

Katika nchi za baridi za Ulaya watu walifuata njia nyingine. Mtaalamu wa Finland aitwaye Artturi Virtanen alitafuta namna ya kuhifadhi majani ya ng'ombe kwa kuyatia asidi, ili yasipoteze protini wakati wa baridi. Kwa kazi hiyo alipewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka wa 1945. Wewe unayetengeneza saileji ya mahindi au ya majani ya matete wajua jambo hilo: majani yakiwa na uchungu wa asidi hayaozi. Watu wa Sweden na Denmark waliitumia njia ya asidi kwa mabaki ya samaki, na hivyo saileji ya samaki ikapatikana. Asidi huvizuia vijidudu, lakini vimeng'enya vya tumbo la samaki hupenda asidi na hufanya kazi vizuri ndani yake.

PROTINI ILIYOKATWA HULINDAJE CHAKULA?

Hapa tunafika kwenye jambo ambalo wataalamu wanalifanyia kazi nyingi katika siku hizi. Wamegundua kwamba vipande hivi vya protini, mbali na kuwa chakula, vyaweza kukilinda chakula kingine. Hufanya hivyo kwa njia tatu.

Njia ya kwanza ni kukamata chuma na shaba. Tumesema kwamba chembe za madini haya huhimiza mafuta kuharibika. Baadhi ya vipande vya protini huzishika chembe hizo, zikawa kama mwizi aliyefungwa mikono.

Njia ya pili ni kukata mwendo wa uharibifu wa mafuta. Mafuta yanapoanza kuharibika kwa hewa, chembe moja mbovu huharibu ya pili, na ya pili huharibu ya tatu, kama moto uendao katika nyasi kavu. Kipande cha protini chaweza kuingia kati na kuipoza chembe ile mbovu, na moto ukakosa njia. Kwa sababu hiyo, wataalamu walipotia protini iliyokatwa katika nyama ya kusaga au samaki wa kusaga, waliona kwamba mafuta yake yalichelewa kuharibika.

Njia ya tatu ni kuvipiga vijidudu vyenyewe. Vipande vingine vina nguvu ya umeme ya upande mmoja, na ngozi ya kijidudu ina nguvu ya upande wa pili. Vipande huvutwa, vikashikamana na ngozi hiyo na kuitoboa. Samaki wengi hujilinda hivyo wakingali hai, maana katika ute wa ngozi yao mna vipande vya aina hii. Huko Japani iko protini moja fupi itolewayo katika shahawa za samaki aitwaye samoni. Huitwa protamini, nayo hutumiwa katika vyakula kama wali uliopikwa na vitu vya samaki wa kusaga ili visiharibike upesi. Kwa hiyo jambo hili si ndoto; liko sokoni.

Tena kuna faida nyingine. Samaki akigandishwa katika friji kwa muda mrefu, protini yake hukauka na kupoteza maji, na ukimpika huwa kama kamba. Vipande vya protini vyaweza kuyashika maji na kupunguza uharibifu huo.

Kwa nini watu wanazitafuta njia hizi? Kwa sababu wanunuzi wengi hawapendi tena dawa za kuhifadhi zinazotengenezwa kwa kemikali, na wanataka vitu vitokavyo katika chakula chenyewe. Tena mabaki ya samaki ni mengi. Tilapia akitolewa steki, karibu theluthi moja tu ya uzito wake huwa steki. Theluthi mbili hubaki: kichwa, mifupa, ngozi, mapezi na matumbo. Katika miji iliyo kando ya Ziwa Victoria, mifupa ya sangara iliyobaki viwandani huuzwa kwa jina la mgongo wazi na kuliwa na watu. Lakini matumbo na vitu vingine hutupwa, vikaleta nzi na kuchafua maji.

MAMBO YASIYOWEZEKANA

Sasa sikiliza vizuri, ndugu mkulima, maana hapa ndipo watu hupotea.

Kwanza, protini iliyokatwa haimrudishi samaki aliyekwisha kuharibika. Hakuna kitu kiwezacho kufanya hivyo. Tena haishiki mahali pa barafu, wala pa usafi. Ni msaidizi tu.

Pili, si kila protini iliyokatwa hulinda. Lazima ikatwe kwa kipimo. Ikikatwa kidogo haina nguvu. Ikikatwa kupita kiasi nguvu hupungua na ladha huwa chungu. Kiwandani hupasha moto samaki wa kusaga pamoja na kimeng'enya kilichochaguliwa, kwa joto la digrii 50 hivi, kwa muda uliopimwa. Halafu huongeza joto mpaka digrii 85 au zaidi ili kukiua kimeng'enya, kisha huchuja na kukausha mpaka uwe unga. Kazi hiyo yataka mashine na wapimaji. Haifanyiki kwa sufuria na kuni.

Tatu, kuna watu ambao samaki huwadhuru. Wakimla huvimba au hushindwa kupumua. Protini iliyokatwa ya samaki yaweza kuwadhuru vile vile. Kwa hiyo chakula cho chote kilichotiwa kitu hiki sharti kiandikwe hivyo juu ya pakiti.

Nne, usimwamini mtu anayeuza dawa isiyo na jina ya kunyunyizia samaki au nyama. Wako wachuuzi waliotumia fomalini, ambayo ni dawa ya kuhifadhi maiti, na wengine waliotumia dawa ya wadudu ili nzi wasitue. Vitu hivyo ni sumu. Samaki ataonekana mzuri, na mtoto wako atakula sumu. Ukimwona samaki asiyefuatwa na nzi hata mmoja sokoni wakati wa joto, wala hana barafu, mtilie shaka.

KAZI UWEZAYO KUIFANYA LEO

Basi mkulima wa bwawa apate faida gani katika maarifa haya? Ziko kazi mbili.

Kazi ya kwanza ni kuwazuia maadui watatu kwa njia rahisi. Usiwalishe samaki siku moja kabla ya kuwavua, ili matumbo yao yawe matupu na vimeng'enya viwe vichache. Vua alfajiri wakati wa baridi. Waweke kivulini mara moja. Mtoe samaki matumbo na matamvua upesi, umwoshe kwa maji safi, na usiyaache matumbo juu ya nyama. Ukipata barafu, tumia kilo 1 ya barafu kwa kila kilo 1 ya samaki, barafu chini, barafu kati na barafu juu, na uache njia ya maji kutoka. Tilapia aliyetiwa barafu vizuri tangu mwanzo hukaa zaidi ya wiki moja akiwa mzuri. Asiye na barafu hamalizi siku. Kama barafu haipatikani, mpasue, umtie chumvi na umkaushe juu ya chanja, mbali na vumbi, wala si chini mchangani.

Kazi ya pili ni kuyageuza mabaki kuwa saileji ya kulisha nguruwe na kuku. Kwa kazi hii waweza kuitumia molasi na maziwa lala badala ya asidi ya dukani, ambayo huchoma ngozi na macho. Vijidudu vizuri vya maziwa lala hula sukari ya molasi na kutengeneza asidi yao wenyewe. Mkulima mmoja mwenye bwawa dogo hana mabaki ya kutosha kila wiki. Kwa hiyo ni afadhali majirani watano au sita wapange kuvua siku moja, wakusanye mabaki pamoja na kununua molasi pamoja.

Fuata hatua hizi:

1. Chukua mabaki mapya kilo 20: matumbo, vichwa na mapezi ya siku ile ile. Usitumie samaki waliokufa kwa ugonjwa au kwa sumu, hao wazikwe. Ondoa mawe, kamba na ndoana.

2. Yakatekate au yasage yawe madogo kabisa. Changanya matumbo na vichwa vizuri, kwa sababu mikasi mingi imo katika matumbo. Mifupa mikubwa iwe michache, maana chokaa yake huipunguza asidi.

3. Tia molasi kilo 3, ukoroge mpaka kila kipande kipakwe.

4. Tia maziwa lala lita 1. Yasiwe yamechemshwa baada ya kuganda, kwa maana moto huviua vijidudu vizuri tunavyovitaka.

5. Weka katika pipa la plastiki lenye kifuniko. Usitumie debe la bati wala pipa la chuma, kwa sababu asidi hula chuma. Usijaze mpaka juu. Acha robo ya pipa wazi.

6. Funika vizuri ili nzi na hewa visiingie, uweke kivulini. Mara moja kwa siku legeza kifuniko kidogo hewa ya ndani itoke, koroga kwa mti safi, kisha funga tena.

7. Baada ya siku tatu au nne pima kwa karatasi ya kupimia asidi. Kipimo cha pH kiwe 4.5 au chini yake. Kikiwa juu, ongeza molasi nusu kilo, ukoroge na kungoja siku mbili, kisha upime tena. Kikikataa kushuka, usiwalishe wanyama.

Saileji nzuri ina harufu ya uchungu kama ya uji uliochacha, pamoja na harufu ya samaki. Kila siku vipande hupungua na maji mazito huongezeka. Hiyo ndiyo kazi ya mikasi unayoiona kwa macho yako. Saileji mbaya hunuka uozo, au hutoa ukungu juu. Hiyo uifukie shimoni, mbali na kisima.

JINSI YA KULISHA

Saileji ya samaki ni maji kwa sehemu kubwa. Katika kilo 100 mna protini kilo 15 hivi. Omena wakavu wasio na mchanga wana kilo 60 hivi katika kilo 100. Kwa hiyo kilo 4 za saileji zina protini karibu sawa na kilo 1 ya omena wakavu. Piga hesabu yako mwenyewe: tazama kilo 1 ya omena ni bei gani katika soko lenu, kisha utazame kilo 4 za saileji zimekugharimu nini kwa molasi na maziwa. Usisahau kuhesabu kazi ya mikono yako. Kama hesabu haina faida, acha.

Kabla ya kulisha, ichemshe saileji vizuri. Moto huua minyoo na vijidudu vibaya vilivyosalia. Tena katika matumbo ya samaki wengine mna kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1 katika chakula, nacho pia hufa kwa moto. Ikipoa, ichanganye na pumba kavu za mahindi au za ngano zisizo na ukungu. Waweza kuianika mchanganyiko huo juu ya turubai mpaka ukauke, ndipo uuweke katika gunia.

Anza kidogo. Saileji isizidi kilo 1 katika kila kilo 10 za chakula, mpaka afisa wa mifugo akupimie kipimo kinachofaa wanyama wako. Ukizidisha, mayai na nyama vitanuka samaki na mnunuzi atavikataa. Kwa nguruwe na kuku wa nyama, acha kuwapa saileji wiki tatu au nne kabla ya kuchinja. Usiwape ng'ombe. Usiwarudishie samaki wa bwawa, kwa sababu ugonjwa wa samaki waweza kurudi pamoja nayo. Wala mtu asiionje: saileji ya nyumbani si nuoc mam, wala si dawa ya kuhifadhi nyama. Andika juu ya pipa CHAKULA CHA MIFUGO, na uliweke mahali ambapo watoto na mbwa hawafiki.

NENO LA MWISHO

Huenda siku moja kiwanda cha kukata protini ya samaki kikawa karibu nawe, na matumbo unayoyatupa sasa yakawa na bei. Siku hiyo mnunuzi atauliza swali moja kabla ya yote: mabaki haya yana saa ngapi tangu samaki avuliwe? Yaliyooza hayafai kutengenezea kitu cha kuhifadhi chakula cha watu. Mkulima aliyezoea kuvua alfajiri, kutenga matumbo katika ndoo safi na kuyafanyia kazi siku ile ile, atakuwa tayari. Aliyezoea kuyatupa kando ya bwawa atakuwa anaanza kujifunza.

Kwa shauri zaidi mwone afisa wa uvuvi au afisa wa mifugo wa kaunti yako.

MASWALI YA KUJADILIWA KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini tumbo la samaki hulegea kabla ya mgongo wake?

2. Chumvi katika pipa la nuoc mam na asidi katika pipa la saileji hufanya kazi gani iliyo sawa?

3. Taja njia tatu ambazo kwazo protini iliyokatwa yaweza kulinda chakula. Ni ipi inayohusu mafuta?

4. Jirani ataka kununua maji ya "protini ya samaki" sokoni ili ayapake juu ya nyama asiyo na friji ya kuiweka. Utamshauri nini?

5. Kikundi chenu kina mabaki kilo 60. Mtahitaji molasi kilo ngapi na maziwa lala lita ngapi? Saileji hiyo yote ikiwa na uzito wa kilo 72 hivi, ni sawa na kilo ngapi za omena wakavu?